Kumaliza panya kwa kisiwa: zile za mwisho njo kazi yenyewe

Niko naandika hii juu ya batu benye biko na kashamba ao kakisiwa mu ziwa Kivu, kwetu Kongo, upande wa Katana, Kalehe, Idjwi, benye panya zimebachokesha. Hapa Bukavu kwa nyumba tunajuaka kupunguza panya, unaleta paka, unatega mutego, unaziba matundu, mwaka inapita, zinarudia kwa jirani na maisha inaendelea. Kwa kisiwa ni hesabu ingine. Maji inakuzungukia kama lupango yenye hukununulia hata tofali moja, kwa hiyo unaweza kuzimaliza zote mpaka ziro na zisirudi. Lakini ziro ni ziro. Ukiua elfu moja ukaacha mbili, dume na jike, haujafanya kitu, umeziachia tu chakula mingi na fasi ya kulala.

Najua juu tulishashindwa. Mukubwa wangu, mutoto wa shangazi, iko na kakisiwa ka hektari ine hivi, meta kama 600 kutoka ngambo, manioki, karanga, migomba na kuku. Panya zilikuwa zinafukua karanga usiku ule ule wenye tumepanda, zinakula mayai, zinakula hata sabuni. Tukaenda soko ya Kadutu, hapa Bukavu, kununua sumu, ile ya tusashe tudogo bila jina, na tukaambia batoto: mukia moja, franga 200. Wiki ya kwanza mikia 61, nilihesabu mimi mwenyewe, zimefungwa na kamba ya mugomba kama mafungu. Wiki ya pili 19. Ya tatu 4. Ya ine batoto bakaacha, juu kukesha usiku muzima kwa panya moja ya franga 200 hailipe. Siye tukasema zimeisha, tukachinja kuku. Musimu wenye ulifuata karanga zikafukuliwa tena, mukubwa akanitumia foto ya shimo bila kuandika hata neno moja.

Kosa ilikuwa ni ile makuta ya mukia. Inalipa panya za rahisi, zile zenye zingekufa hata bila siye, na inaacha zile mbili tatu za akili, zenye zinagharimu kuliko zote 61. Njo nikaanza kusoma namna bale ba bisiwa bya bahari, kule Pasifiki na Bahari ya Hindi, banafanyaka, juu bale bamefanya mara mingi na bameshindwa mara mingi pia, na kushindwa kwabo kulinifundisha kuliko kushinda.

Kabla ya kununua chochote

Angalia kisiwa yako iko mbali namna gani na ngambo. Panya kubwa ya mifereji, ile ya mukia mufupi na masikio madogo, inajua maji sana, maji ikitulia inaweza hata kupita kilometa moja. Ile nyeusi nyembamba ya mukia murefu, yenye inapandaka mu paa, inaogelea pia lakini inachoka mapema. Kule Nyuzilandi mu 2004 bachunguzi balichukua panya moja dume ya ile kubwa, bakaifunga karadio ku shingo, bakaiachilia kwa kisiwa moja yenye haina panya, Motuhoropapa, ili baone itabachukua siku ngapi kuishika. Ilibazungusha wiki zaidi ya kumi, na mitego, na mbwa, kiisha ikaingia mu bahari ikaogelea meta 400 mpaka kisiwa ingine, Otata, na ni kule njo balikuja kuishika, wiki 18 kiisha kuiachilia. Panya moja! Na iko na radio ku shingo! Sasa kama kisiwa yako iko meta 150 na ngambo, usiharibu makuta yako kwa ziro, fanya tu kama kwa nyumba, punguza. Siye bahati yetu ni panya nyeusi, na meta 600 kwake ni mingi.

Halafu angalia nani anaishi pale. Kuna mutu ataniuliza Idjwi, ile kisiwa kubwa ya ziwa yetu. Idjwi hapana, batu ni mingi sana, nyumba kila fasi, maboti na mapirogi zinafika asubui na magaribi, utaua leo na kesho mbili zinashuka na gunia ya maharagi. Kule Australia kuna kisiwa Lord Howe, batu kama 350 tu banaishi pale, balibishana miaka na miaka mbele ya kukubali, kazi ikafanyika mu 2019, nyumba kwa nyumba, na hata vile mu aprili 2021 panya mbili zikaonekana hai, dume na jike yenye mimba, ikabidi kurudilia kufukuza. Kwa hiyo kama pale kwako kuna nyumba tano, ingia nyumba zote tano, kaa, kunywa chai, bote bakubali, chefu naye ajue, na mutu wa mazingira ama wa kilimo wa teritware ajue mbele, siyo nyuma. Nyumba moja yenye inakatala itakuwa nyumba ya kuchunga mbegu ya panya.

Na angalia vizuri ni panya gani. Kuna tupanya twa pori twenye tulikuwa pale tangu zamani na hatukosei mutu, siyo ile ya nyumba yenye ilikuja na maboti. Shika tatu ine na mutego bila sumu, muonyeshe mutu wa mifugo ao wa biolojia kwa iniversite, kiisha njo uamue.

Sumu

Ile ya tusashe, acha. Haina etiketi, haujui ni nini iko ndani, pengine ni dawa ya bidudu ya shamba bamesaga tu na unga. Na ile ya kuua haraka, hata kama ni ya kweli, iko na shida yake: panya inaonja kidogo, tumbo inauma, inaacha, na haitaigusa tena. Panya haikulaka kama mbwa, inaonjaka kwanza, inasubiri. Ile yenye haikufa siku ile imeshakuwa profesa.

Kwa bisiwa banatumiaka sumu ya polepole, ya kuzuia damu kuganda, na yenye imefanya kazi mingi kuliko zote ni brodifakumu. Inazuia vitamini K kufanya kazi yake mu mwili, panya inakula leo, inajisikia muzuri, inarudi kesho inakula tena, inakufa siku ya tatu mpaka ya kumi hivi, na zingine hazijui ni chakula gani iliiua. Inauzwa mu vipande bya rangi ya bulu ao kijani, mu karto yenye etiketi. Omba kwa batu ba mifugo, na usome etiketi mpaka mwisho.

Sasa ile ile polepole njo hatari yake kwa mutu. Mutoto akikula kipande, siku ile anacheza muzuri, kesho anacheza, unasema haina maneno, kumbe damu imeshaanza kupoteza nguvu. Usisubiri agonjwe. Mupeleke hopitali siku ile ile na etiketi mu mukono, dawa yake iko, ni vitamini K1, na banaipatianaka siku mingi, siyo mara moja. Maziwa hapana, mafuta ya ngazi hapana, hizo haziponyeshe sumu hii. Kuku, nguruwe, mbwa, paka, bundi, bote inabaua, hata wakikula panya yenye imekufa nayo. Na niseme wazi kwa batu ba vijijini kwetu, juu najua batoto banapendaka kuchoma panya ya shamba: mwaka ule hakuna mutu anakula panya, ata ile yenye imeshikwa na mutego, ata ya ngambo. Weka ile sheria mbele ya kuweka kipande ya kwanza.

Mistari ya meta 25

Hapa njo kazi inakuwa ya kuchosha na hapa njo batu banadanganya. Panya jike yenye iko na batoto haitembee mbali, inaweza ishi maisha yote mu kafasi kadogo, na kama sumu haiko mu kale kafasi, itabakia. Kwa hiyo haufuate fasi zenye unafikiri panya zinapita, unafuata kamba. Tulikata kamba ya meta 25, tukaanzia ku jiwe moja ya pembeni, tukapita kisiwa yote, kichaka, mawe, choo, kila meta 25 kasanduku kamoja. Hiyo inafanya 16 kwa hektari. Kwa hektari ine ni 64, siye tukafika 71 juu ya kando kando ya maji na nyumba. Fasi kulikuwa miiba tukapita na panga tukalalamika, lakini tukapita.

Kasanduku ni kipande ya bomba ya plastiki ama ya bambu nene, urefu kama mukono mpaka kiko, kipande ya sumu inapitishwa waya katikati na kufungwa, ili panya ikulie pale pale, isibebe kwenda kuficha fasi kuku itaifukua. Andika namba ku kila moja, na namba hiyo mu kaye. Kiisha uyaache bila sumu wiki nzima, kabisa, hata kama unasikia haraka, juu panya inaogopaka kitu mupya, iache ipite ndani mara mbili tatu kwanza. Glavu kila siku, juu ya sumu.

Bale ba Pasifiki biko na maadui bengine bawili benye sikuwaza: kaa na minazi. Kaa ya inchi kavu inakula sumu kama mugati na haifi, damu yake haifanye kazi kama yetu. Kwa Palmyra, bisiwa bya Marekani katikati ya Pasifiki, kaa ni mingi sana, mu 2011 ikabidi bamwage sumu mingi kuliko kawaida na elikopta ili panya nazo zipate. Na panya zao zilikuwa zinaishi juu mu vichwa vya minazi, zinakula kule, zinazaa kule, hazishuke, kwa hiyo bakafunga sumu mu tumifuko na kutupa kule juu. Balishinda. Na kitu ya ajabu, mbu moja mbaya, ile ya mistari nyeupe, ikapotea nayo pale, inaonekana ilikuwa inaishi na damu ya panya.

Kwetu hakuna minazi lakini kuko mugomba. Panya inalala mu makoti ya mugomba kavu na mu paa ya majani, tukafunga tusanduku juu kule. Na ku kando ya ziwa kaa zetu tudogo, na konokono, zilikuwa zinamaliza vipande usiku moja, tukainua tusanduku twa pale ku vijiti, panya inapanda bila shida, kaa inateleza.

Wakati gani

Kwa bisiwa bya baridi banangojaka majira ya baridi, panya ziko na njaa na hazizae. Kwa bisiwa bya joto hakuna baridi, matunda iko karibu kila mwezi, na batoto ba panya kila mwezi, njo maana kwa bisiwa bya joto kushindwa ni kwingi kuliko kule. Henderson, kisiwa ya Pasifiki upande wa Pitcairn, 2011: elikopta ilimwaga sumu kisiwa yote, panya elfu nyingi zikakufa, na zilizobakia bachunguzi balikuja kukadiria kama 80 tu. 80 kwa kisiwa ya kilometa za mraba 43, utazionea wapi? Zikazaa, na leo kisiwa imejaa tena. Kwa kisiwa yenye inaitwa Wake, ya Marekani mu Pasifiki, mu 2012 kulikuwa aina mbili ya panya, moja ikaisha kabisa, ingine ikabakia.

Hesabu yenye unapashwa kubeba mu kichwa ni hii: mimba ya panya ni wiki tatu, na batoto banabakia mu tundu wiki zingine tatu hivi mbele ya kuanza kukula bitu bya inje. Mama anaweza kufa na batoto bakubwa kidogo wakatoka nyuma yake. Kama wakati wanatoka sumu imeshaisha, umekwisha. Siye tuliacha sumu wiki nane, kila kipande yenye imeliwa ao imepata ukungu inabadilishwa.

Tulichagua Julai, kiangazi, kiisha kuvuna. Mavuno yote tukavusha ngambo, mahindi, karanga, maharagi, hata ndizi zenye zilikuwa karibu kuiva tukazikata, ili kisiwa ikuwe na njaa. Kuku zote pia zikavuka kwa miezi tatu. Mukubwa alinung'unika sana juu ya kuku, nikamuambia habari ya Frégate kule Shelisheli: panya zilifika pale mu 1995, na mu 2000, mbele ya kumwaga sumu, bakashika ndege zao za pekee, zenye zilibakia kidogo sana mu dunia, bakaziweka mu vizimba mpaka sumu ikaisha. Kama batu banaweza kufungia ndege ya pori, weye hauwezi kuvusha kuku kumi na moja? Akacheka, akavusha.

Panya zenye tulikuta zimekufa tulizika chini sana, hata moja haikutupwa mu ziwa.

Kulipa siku, siyo mikia

Batoto tukabatosha kabisa mu hii kazi. Tukachukua bijana bawili bakubwa, kila moja njia yake, wanalipwa kwa siku yenye bamepita tusanduku twote na kuandika, panya ikuwe ao isikuwe. Kama siku ile hakuna hata kipande moja imeguswa, wanalipwa sawa sawa. Njo hapa tulikosea mara ya kwanza, na kama unabeba kitu moja tu mu haya maneno yangu, beba hii.

Kaye ikaanza kusema. Wiki ya kwanza tusanduku 58 tulikuliwa. Wiki ya tatu 11. Wiki ya tano kamoja tu, namba 38, nyuma ya jikoni, kila asubui kipande imepunguka na tumavi twa panya tumebakia ndani. Siku sita. Tukaongeza tusanduku tune kuzunguka ile 38, meta tano tano, na mutego wa mbao na sambaza ya kukauka. Siku ya saba kimya. Siku ya nane tukakuta moja chini ya kuni, jike, maziba yake ingali inaonyesha iko nanyonyesha. Hatukulala vizuri mpaka wiki mbili zikapita bila kitu, tulikuwa tunangoja batoto bake batoke.

Kuangalia, na maboti

Sasa hausemi umeshinda. Kwa bisiwa banangojaka kama miaka mbili, juu panya mbili mu kisiwa muzima hazionekane, mpaka zikuwe ishirini. Kata vipande vya plastiki ngumu, vya bidoni ya mafuta, pakaa karanga ya kusaga, piga musumari ku muti, pitia kila mwezi. Jino ya panya inaacha mistari mbili tudogo ya sambamba kama umekwaruza na uma wa meno mbili. Mwezi wa tisa kipande namba 17 ilikutwa imeliwa, mukubwa akanipigia saa tano ya usiku, tukafika kesho na taa na mitego yote, kumbe ni konokono, imelamba upana bila mistari. Foto ya zote mbili sasa iko mu telefone ya kila mutu.

Mlango wenye umebakia ni boti. Gunia ya manioki, matrasi, majani ya paa, hiyo njo mapirogi ya panya. Kwetu sheria ni moja: gunia inafunguliwa na kukung'utwa ngambo mbele ya kupakia, na tena ndani ya pirogi mbele ya kushuka. Bavuvi ba sambaza benye banapumzika pale usiku tukabaeleza pia. Mumoja akaniuliza panya inamuhusu nini yeye. Nikamuambia kuna bisiwa bya Chagos, mu Bahari ya Hindi, balipima 12, sita iko na panya, sita haina, matokeo ikatoka mu 2018: pale hakuna panya ndege za bahari ni mara 760 zaidi, mavi yao inalisha maji, na samaki kando ya mawe za pale uzito wake unazidi karibu nusu. Akauliza basi sambaza yetu itaongezeka? Nikamuambia hapana, sikuahidi, kule ni bahari na matumbawe, hapa ni Kivu. Lakini asubui yenye ilifuata alikung'uta nyavu yake.

Leo tuko mwezi wa 14. Vipande vyote 40 viko safi mpaka Jumamosi, kuku zimerudi, karanga zimepandwa na zimeota mistari yote bila shimo. Ku fasi maboti zinafikia tumeacha tusanduku tatu na sumu mupya, juu ya vijiti, na tule hatutatoshwa, hata miaka mbili ikiisha.